Kadi ya Kubeba Sauti ya Olga

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Ninatangaza, mbele ya mashahidi wawili — mimi mwenyewe na mbuzi wa jirani — kwamba kuanzia leo saa tatu asubuhi meza ya kazi ya fundi Viviane, yaani mimi, imehama rasmi kutoka upande wa kushoto wa mlango hadi upande wa kulia. Umbali: hatua mbili na nusu. Hapakuwa na hotuba. Mbuzi alikula karatasi yenye majina ya wateja, nami nikahesabu hiyo kuwa makofi.

Sababu ya uhamisho: mwanga. Kadi mpya imefika!

Imetoka Kindu ndani ya mfuko wa mchele, juu ya moto, pikipiki ya mtu aliyekuwa anasindikiza harusi. Wiki saba njiani. Bibi harusi, nasikia, alifika kabla yake.

Niandike vizuri, maana kichwa changu siku hizi kinavuja. Mashine ya kurekodi sauti ya mdogo wangu Olga ilikuwa vipande viwili. Kimoja ni moduli: kikadi chembamba, urefu wa kidole, chenye safu ya meno ya dhahabu upande mmoja. Akili yote iko humo, na kumbukumbu pia. Lakini hakina tundu la umeme, hakina tundu la spika, hakina kitu. Akili tupu bila mdomo — kinyume kabisa cha baba mdogo Hippolyte. Kipande cha pili ni kadi ya kubeba: pana kama daftari, yenye matundu yote. Moduli inakaa juu yake kama mtoto mgongoni. Moduli bila kadi ni bubu. Kadi bila moduli ni ubao.

Kadi ya Olga ilivunjika siku moja na Olga. Tarehe 11 Juni, daraja la miti, njia ya kutoka Salamabila kwenda Wamaza. Moto iliteleza. Dereva, mkono tu. Moduli, nzima. Watu waliookota vitu wakavipeleka kwa Djamali, mnunuzi wa dhahabu, kwa sababu yeye ndiye mwenye sanduku la chuma lenye kufuli.

Nimeandika.


Jumatano, 6 Septemba

Baba mdogo Hippolyte amekuja na kofia yake ya vikao. Ametangaza siku: kilio cha Olga kitaondolewa Jumamosi tarehe 23. Mama atanyolewa, atavua nguo nyeusi, watu watakula, basi.

Mama akasema havui.

Baba mdogo akamuuliza kama anataka kuzeekea ndani ya nguo nyeusi. Mama akajibu kwamba amekwisha kuzeeka, hiyo si kitisho.

Shida ni neno. Katika ukoo wetu, siku ya kuondoa kilio, mtu mmoja anasimama katikati ya uwanja na kurudia neno la mwisho la marehemu, kama lilivyosemwa. Hata kama ni "nipe maji". Babu yetu alisema "fungeni mlango, kuku wanaingia", na watu wazima walilirudia hilo neno machozi yakiwatoka, mimi nikiwa mdogo nilikuwa wa kwanza kutafuta kuku. Neno likishasemwa, marehemu amemaliza kusema. Lisiposemwa, bado anaongea mahali fulani na hakuna anayemsikiliza. Ndivyo Mama anavyosema.

Olga alikufa porini. Dereva alikuwa amezimia. Nani alisikia?

"Mashine ilisikia," Mama akasema. Akaninyooshea kidole. "Viviane iko naifungua."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi. Sikuulizwa.


Ijumaa, 8 Septemba

Nimeandaa kadi peke yake, bila moduli, ili nijue tabia yake. Vyombo vipya ni kama wakwe: usilete mtoto kabla hujawaona.

Nimefunga nguzo nne za plastiki chini yake ili isiguse meza. Kuna matundu mawili madogo ya kebo yanayofanana kama mapacha. Moja ni la umeme. La pili ni la mazungumzo: ukilichomeka kwenye ordinateri (kompyuta), ordinateri inaweza kuingia ndani ya moduli na kuiona kama fulashi. Kati yao kuna meno matatu wima yenye kofia ndogo nyeusi. Kofia ikifunika mawili ya kulia, moduli inaamka yenyewe. Ikifunika mawili ya kushoto, inakaa kimya na kungoja kuulizwa. Nimeweka kushoto. Tunakwenda kuuliza.

Nikaunganisha batri ya pano ya jua. Taa nyekundu ikawaka!

Mama alitoka jikoni haraka na mwiko mkononi.

"Iko nasema?"

"Hapana, Mama. Iko inapumua tu."

Akasimama pale muda mrefu akiangalia ile taa. Akarudi jikoni. Nikazima.


Jumamosi, 9 Septemba

Muhindo amepiga simu kutoka Salamabila. Ni kijana wa upande wa Butembo, anachimba, alikuwa jirani wa Olga. Kati ya nyumba zao ni mbao tu. Yeye ndiye atakayeniletea moduli. Ananiita Yaya, dada mkubwa, kama alivyoniita Olga. Sauti yake inakatika kila neno la tatu, lakini nimeyakusanya:

Kila jioni Olga alikuwa anafunga mlango, anawasha lile sanduku lake, na Muhindo anasikia mwanamke anaongea Kizimba, lugha ya kwetu. Muda mrefu. Mara anacheka, mara kama anagomba. "Mimi sijui Kizimba, Yaya, siwezi kukuambia alikuwa nasema nini. Lakini alikuwa najirekodi. Kila siku! Sauti yake iko mule ndani, mingi sana."

Nikamwekea Mama simu sikioni ili asikie mwenyewe. Akasikiliza. Akasema asante, mtoto wangu. Kisha akaenda kuosha sufuria ambayo nilikuwa nimekwisha kuiosha.

Olga alipata ile mashine kwenye mradi mmoja wa shule uliofunga mlango na kuacha masanduku. Wenzake walichukua viti. Yeye akachukua kikadi. Akanipigia siku hiyo, tukacheka mpaka salio likaisha. Nilimfundisha kwa simu kuunganisha maikro na spika. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuharibu redio za watu wa Kasongo miaka kumi na tano. Yeye alijifunza kwa mwezi, bila kuharibu kitu. Nilimwonea wivu kidogo. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.


Jumanne, 12 Septemba

Muhindo ametoka Salamabila jana. Leo yuko Wamaza. Mvua. Njia ni supu.

Nimetengeneza simu tatu na redio moja ya mzee wa msikiti. Kwenye redio nilitoa mende kumi na mmoja. Mzee akauliza tatizo lilikuwa nini. Nikamwambia: abiria.


Alhamisi, 14 Septemba

Muhindo amefika saa saba, matope mpaka kwenye kope. Amekunywa maji vikombe vitatu kabla ya kusalimia. Kisha akapiga goti mbele ya Mama, akampa mfuko wa Olga: vitenge viwili, Biblia, kiatu kimoja. Mama alishika kile kiatu akauliza cha pili kiko wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kutoka kwenda sokoni. Muhindo akaangalia chini.

Moduli ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Djamali aliitunza kama yai, alisema Muhindo.

Nikafungua kitambaa kwenye mwanga.

Meno yana rangi mbili. Upande wa kulia, dhahabu. Upande wa kushoto, kuanzia kona — nyeupe. Fedha chafu, kama tumbo la samaki. Nikahesabu: meno ishirini na matatu.

"Muhindo. Nani aligusa hii?"

"Hakuna mutu, Yaya! Ilikuwa ndani ya kofa, ile sanduku ya chuma."

"Muhindo."

Akavua kofia. Akaikunja. Akaikunjua.

"Djamali alijaribisha kidogo tu."

"Alijaribisha nini?"

"Kama ni dhahabu ya kweli."

Zebaki! Huko Salamabila kila kitu kinachong'aa kinapakwa zebaki. Ikishika, ni dhahabu. Wanafanya hivyo kwa mchanga, kwa pete za wake zao, kwa meno ya bandia ya marehemu mmoja nisiyemtaja. Djamali aliona safu ya meno yanayong'aa, akachovya kidole, akapaka kona moja kama mpishi anayeonja mboga. Na zebaki ikashika, maana ni dhahabu kweli — nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, lakini kweli. Ikaila.

"Na akasema nini alipoona imeshika?"

"Akasema ni kidogo sana, haifai kazi." Muhindo akavaa kofia. "Akaifunga vizuri."

Nilicheka. Sikupenda kile kicheko. Mama akauliza kutoka ndani kuna nini. Nikasema: matope tu, Mama, nitasafisha.


Ijumaa, 15 Septemba

Nimempigia Djamali. Kasalimia vizuri mno: hali ya Mama, hali ya Kasongo, hali ya mvua. Mtu anayeuliza hali ya mvua anajua kosa lake.

Akasema: "Yaya Viviane, wallahi, nilikuwa nataka kujua thamani, ili mama asije akadanganywa na watu."

Yaani alitulinda. Nikamwambia ile dhahabu haikuwa mali, ilikuwa njia. Kila jino ni mlango mmoja, na yeye amefunga ishirini na matatu. Kisha akauliza, kwa aibu ya kweli, kama akituma gramu moja ya dhahabu safi ninaweza kuipaka tena.

Sikuweza hata kumtukana. Alisema pia kwamba aliweka shuka lake mwenyewe juu ya Olga walipomleta kutoka darajani. Hilo sikulijua. Sasa ninalo, na sijui niliweke wapi.


Jumapili, 17 Septemba

Misa. Sarah-Grâce wa kwaya amenikumbatia na kuniambia niko na nguvu. Watu wanapenda kukuambia hivyo wakati wanataka kuondoka.

Muhindo analala kwa jirani. Ametukatia kuni ambazo hatukuzihitaji. Anajiadhibu kwa shoka.

Niandike jambo ambalo sijaliandika tangu Juni. Hili daftari halina msomaji, basi liwe na faida.

Neno la mwisho la Olga ninalo mimi.

Jumamosi tarehe 10, saa sita mchana, alinipigia. Nilikuwa na simu ya mteja wazi mezani, skrubu nane mdomoni. Akaanza kunieleza sauti za mashine yake, jinsi alivyozisafisha upepo usisikike. Nikatema skrubu. Nikamwambia nimechoka na vikadi vyake. Nikamwambia yeye anachezea matope huko na mimi niko hapa nabeba Mama peke yangu, namwosha miguu, namsikiliza akirudia habari zilezile kila jioni. Nikasema mengine.

Akasema: "Yaya, unanichokesha. Usinipigie tena."

Akakata.

Na mimi nikatii. Mara ya kwanza maishani. Jioni ile sikumpigia. Kesho yake, daraja.

Labda alimwambia dereva kitu kule njiani: polepole, simama, chochote. Dereva anasema hakumbuki. Basi, mpaka mashine iseme vingine, neno ni hilo. Nisimame nalo katikati ya uwanja? Mbele ya Mama?

Moduli lazima ifunguke. Ndani yake lazima kuwe na neno jingine, lililosemwa usiku ule wa Jumamosi, hata kama ni "fungeni mlango". Ninahitaji kuku wa babu.


Jumatatu, 18 Septemba

Nimefanya kazi nje, upepo mgongoni, kitambaa puani. Zebaki si rafiki. Raba ya kufutia ya mtoto wa shule, alkoli, pamba, jino moja baada ya jingine. Ule weupe unatoka polepole. Chini yake si dhahabu, ni madini ya kijivu. Hayang'ai, lakini yakiwa safi yanapitisha umeme. Sihitaji uzuri.

Meno ishirini na matatu, saa tano. Mama alikaa karibu kwenye kigoda, akichambua maharagwe, bila kuniongelesha. Mara moja tu:

"Inaumia?"

"Mama, ni chuma."

"Nauliza wewe."


Jumanne, 19 Septemba

Nimeikalisha. Unaiingiza kwa kuinamisha, kisha unaikandamiza mpaka vishikio viwili vya pembeni vifunge: tak, tak. Ilifunga. Sauti nzuri.

Moussa, mwenye sekretaria ya kufotokopi karibu na msikiti, amekuja na ordinateri yake. Ameileta ndani ya blanketi. Programu ya kuamsha moduli aliipata kwa mtu wa Kindu kwenye fulashi.

Kebo. Umeme. Taa nyekundu.

Ordinateri: hakuna kitu.

Tukajaribu tena. Hakuna. Moussa akazima, akawasha, akapuliza tundu, akasoma bismillahi. Hakuna. Muhindo aliondoka akaenda kukata kuni. Mama alibaki mlangoni.

Saa mbili nzima! Nikagusa kila jino tena. Nikamlaani Djamali na ukoo wake. Kisha nikaangalia kebo.

Ya ordinateri ilikuwa kwenye tundu la umeme, ya batri kwenye la mazungumzo. Pacha mbaya. Mimi, niliyeandika hapa Ijumaa ile kwamba yanafanana, mwenye akili zangu zote.

Nikazibadilisha. Ordinateri ikalia: ting! Kwenye kioo, kwa sekunde kama nne, kikatokea kijisanduku kipya. Kisha kikapotea.

Kikarudi. Kikapotea.

"Iko nagonga mlango," Mama akasema.

Moussa alilazimika kurudi, ana watu wa vyeti vya kuzaliwa. Atakuja Ijumaa.


Alhamisi, 21 Septemba

Baba mdogo Hippolyte amekuja kuona maandalizi. Mbuzi mmoja, mchele, majani ya muhogo. Ameuliza nani atasema neno. Mama akaonyesha meza yangu. Baba mdogo aliitazama kadi kwa mkono mgongoni, kama mtu anayekagua askari.

"Hii ndiyo itasimama katikati ya uwanja?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Haina miguu."

"Ina nguzo nne za plastiki."

Akaniangalia sana. Akasema kama mashine haisemi, atauliza watu kwa mdomo, mmoja mmoja, kama zamani, na hakuna anayeruhusiwa kuficha. Macho yake yalikaa kwangu muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda — au ni mimi.

Leo nimeinua meno ya ndani ya tundu kwa sindano, upande wa kushoto, kila moja kidogo sana, ili yaikumbatie moduli vizuri zaidi. Jasho lilinitoka kwenye visigino.


Ijumaa, 22 Septemba

Imefunguka!!

Saa nne na nusu asubuhi. Tak, tak, kebo, taa, ting! Kijisanduku kimekuja na kimekaa. Moussa alisimama akainua mikono juu kama aliyefunga goli. Muhindo alilia waziwazi, mwanaume mzima, anajifuta na kofia.

Ndani kuna folda moja ya sauti. Mafaili arobaini na moja. Hayana majina, yana tarehe tu. La kwanza ni la Krismasi ya mwaka juzi. La mwisho ni la tarehe 10 Juni, saa moja jioni.

Saa moja jioni! Masaa saba baada ya simu yangu.

Moussa aliweka kidole kwenye kitufe. Nikakiondoa.

"Hapana. Kesho. Mama awe wa kwanza."

Akasema mimi ni mwana mwenye heshima. Moussa ni mtu mwema, anaamini anachosikia. Si heshima. Ni woga. Nikisikia leo na nisipate kitu, nitakuwa na usiku mzima wa kujua.

Tumeyanakili yote kwenye ordinateri na kwenye fulashi mbili. Nimemwambia Mama: arobaini na moja. Akayarudia kwa vidole, akachoka, akacheka. Sijaona meno yake tangu Juni. Ameomba nimtolee kitenge cha bluu, kile cha kuvaa kesho baada ya kunyolewa. Ameking'uta mara tatu.


Jumamosi, 23 Septemba

Ninaandika nyuma ya jiko, juu ya goti. Nimewaambia naenda kubadilisha batri. Batri iko nzima.

Watu wamejaa uwanja. Meza yangu iko katikati, kadi juu yake, spika kubwa ya Moussa pembeni. Leo kofia nyeusi ya kadi iko kulia, moduli imeamka yenyewe, inasoma mafaili yake kwa mdomo wake. Mama amekaa mbele kwenye mkeka, nguo nyeusi, kichwa kimeinuka. Baba mdogo alisema maneno ya kufungua. Mafupi! Kisha akanipa ishara.

La kwanza. Upepo kidogo. Kisha mwanamke anaita kuku, anawagombeza kwa Kizimba.

Muhindo akaruka kutoka kwenye benchi.

"Ndiyo yeye! Ndiyo sauti ile! Ni Olga huyu!"

Watu wakaanza kulia, mashangazi wakashika vichwa. Mama peke yake hakulia. Aliinamisha sikio.

"Huyu muzee ni nani, nakohoa vile?"

Ikabidi nijibu mimi.

"Ni wewe, Mama."

La pili: Mama anaeleza namna ya kuosha majani ya muhogo. La tatu: Mama anasimulia hadithi ya fisi, anasahau mwisho, anaanza tena. La nne, Mama kwenye simu, sauti kubwa, analalamika kwamba Viviane ana chumvi nyingi kwenye mboga. Hapo wengine walicheka, wakajishika midomo. La kumi, Mama anahesabu wajukuu wa watu. La ishirini, Mama amelala kwenye kiti, anakoroma dakika sita, na Olga hakuikata. Krismasi mbili, likizo, simu za Jumapili. Muhindo alikuwa amekaa tena, uso ndani ya kofia. Sauti zao zilifanana. Hata mimi kwenye simu nilikuwa nakosea. Mbao katikati, na lugha asiyoijua — angejuaje? Hakuwa anajirekodi. Alikuwa anamsikiliza.

Nikaonja mwanzo wa kila moja mpaka la mwisho. Tarehe 10 Juni, saa moja jioni.

Mama, tena. Amempigia Olga kwa simu ya jirani. Anamwambia mvua imekatika, maharagwe yametoka vizuri, na Viviane amekasirika leo, sijui nani kamwudhi. Anaongea dakika kumi na moja. Kila mara ananyamaza kidogo kungoja jibu, na jibu halipo. Maikro ilikuwa kwenye spika ya simu, na Olga alijibu mbali nayo, kinywa pembeni, ili asichafue sauti ya Mama. Anayerekodi hasikiki. Hilo alifundishwa. Nilimfundisha mimi.

Nikamgeukia Mama. "Siku ile, kwenye simu — alikujibu nini?"

Mama alifikiri. Alifikiri sana. Mikono yake ilikuwa inatembea juu ya nguo nyeusi kama inatafuta kitu kilichoanguka.

"Nilikuwa naongea mimi," akasema.

Yote arobaini na moja ni Mama.

Kinyozi amekaa na wembe wake kwenye bakuli. Kitenge cha bluu kiko kwenye kamba, kinapigwa na jua. Namsikia baba mdogo Hippolyte hapa nyuma ya ukuta, ameanza na dereva, kisha Moussa, kisha mashangazi, kwa zamu, anauliza kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake: wewe, alikuambia nini mara ya mwisho? Kila mtu anasema lake, la mwezi wa nne, la Pasaka. Amefika kwa Muhindo. Baada ya Muhindo kuna kiti changu.

Usinipigie tena.

Mama ameita jina langu, mara moja, si kwa haraka.

Wali umepoa.